Kupanda Farasi na Kupanda Mbegu: Uhakiki wa Fundisho la Vitawe kwa Ushahidi wa Meru na Embu

Utangulizi

Kitenzi -panda ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo mapema, na ambayo mwalimu huyaacha mapema vilevile kwa kuamini kwamba hayana tatizo. Watu hupanda farasi, hupanda mlima, hupanda basi, hupanda mahindi; bei hupanda, hasira hupanda, na pepo naye humpanda mtu. Katika mafunzo ya shule nchini Kenya orodha ya namna hii huwekwa chini ya kichwa kimoja, "vitawe", yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, na mwanafunzi hutakiwa atunge sentensi za kuzipambanua maana hizo. Akishatunga, neno hufungwa.

Makala haya yanapinga desturi hiyo. Dai letu ni kwamba -panda ya farasi na -panda ya mbegu si maana mbili za kitenzi kimoja, bali ni vitenzi viwili vilivyokutana katika umbo moja. Na kwamba zile maana nyingine zinazotajwa nyuma yao ni matawi ya kimoja kati ya hivyo viwili. Tutajaribu kulithibitisha dai hilo kwa vipimo vya Kiswahili chenyewe, kisha kwa ushahidi wa lugha za Meru na Embu. Ushahidi huu wa pili ndio uliotusukuma kuandika, kwa sababu unatoka vinywani mwa wanafunzi ambao lugha zao za mama zimezoewa kutajwa darasani kama chanzo cha makosa tu.

Majina tutayaweka kando. Panda ya mti, yaani mahali tawi linapogawanyika, na njia panda iliyopewa jina kwa mfano huo, pamoja na panda ya kupuliza iliyotengenezwa kwa pembe, ni nomino. Zinastahili uchunguzi wake peke yake. Hapa tunashughulikia vitenzi.

1. Yule aliye juu

Tuanze na farasi. Farasi ni mnyama ambaye jina lake limetoka katika Kiarabu, na ambaye hakuwa wa kawaida katika nchi za Meru na Embu. Wazungu walimleta katika mashamba yao ya upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, sehemu za Timau, na hadi leo wageni humpanda kwa matembezi katika hifadhi ya Lewa. Mwanafunzi wa Runyenjes au wa Maua, kwa kawaida, amemwona farasi kitabuni kabla ya kumwona kwa macho. Punda anamjua, lakini punda wake ni wa kubebeshwa maji na mizigo, au wa kukokota mkokoteni. Kwa hiyo -panda ya mnyama humfikia kama msemo wa kukaririwa, ilhali -panda ya basi na ya bodaboda humfikia kama jambo la kila siku.

Jambo hili si dogo, kwani uhusiano wa mpandaji na kipandwa si mmoja katika mifano hiyo. Aliyepanda farasi ndiye anayemwongoza. Yeye ni abiria na dereva kwa wakati mmoja. Aliyepanda basi la Embu anaongozwa, na wala hasemi kwamba analiendesha. Aliyepanda baiskeli anaweza kuwa mwenye kuikanyaga au mwenye kukaa nyuma. Kinachobaki katika mifano yote hii si uongozi wala mwendo. Ni kwamba mtu ametoka chini na sasa yuko juu ya kitu kinachomchukua. Ndiyo maana njeo ya -me- hutulia vizuri hapa: "amepanda farasi" maana yake yuko juu yake sasa hivi. Lakini "anapanda farasi" huacha shaka, kwamba ama anatia mguu kwenye kipandio wakati huu, ama ni mtu mwenye mazoea ya kupanda. Mwandishi mwangalifu huikimbia shaka hiyo kwa kusema "anakwenda kwa farasi".

Kutoka hapo matawi mengine huonekana bila kulazimishwa. Mlima hupandwa kwa miguu, na njia za Sirimon na Chogoria zinawapeleka wapandaji hadi kwenye vilele kutoka upande wa Meru. Chombo kinapokwama huambiwa kimepanda mwamba. Bei, cheo na joto havina miguu, lakini vimepewa ngazi ya kufikirika na hupanda kama vile vinaikanyaga. Katika mwezi wa Desemba 1963 Kisoi Munyao alipanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana akapandisha bendera ya taifa jipya. Katika sentensi hiyo kitenzi kimetumika mara mbili, la kwanza kwa mtu na la pili kwa kitambaa, na hakuna msikilizaji anayehisi kwamba ameruka kutoka neno moja hadi jingine.

Fahali naye humpanda mtamba. Hapa tena yuko aliye juu na aliye chini. Hatimaye kuna pepo. Katika desturi za uganga za pwani mtu aliyeingiwa na pepo huitwa "kiti" chake, na pepo husemwa kuwa "amempanda". Taswira hii si ya Waswahili peke yao. Huko Gondar, Ethiopia, mtu wa zar huitwa farasi wake. Na katika bori ya Wahausa mwanamke wa namna hiyo huitwa godiya, yaani farasi jike. Waswahili walichagua kiti badala ya farasi, lakini kitenzi kikabaki kilekile cha mpanda farasi. Tofauti ni kwamba safari hii binadamu ndiye aliyepandwa. Hasira na mori zinapompanda mtu, zinafuata njia hiyohiyo, kwani mwenye hasira hajiongozi tena.

Basi maana hizi zote, zinazoonekana kuwa mbali, zina kiini kimoja: kuwa juu ya kilicho chini, au kwenda juu. Huu ndio mfano halisi wa neno moja lenye maana nyingi.

2. Kile kilicho chini

Tukichukua sasa -panda ya mbegu, tunakuta kinyume. Tendo ni la kuinama. Kitu kinatoka mkononi na kuingia ardhini. Mkulima wa Imenti anayepanda viazi, na wa Mwea anayepanda mpunga, hawaendi juu na hawaweki kitu juu ya kingine.

Yupo atakayesema kwamba maana hizi zinaweza kupatanishwa, kwa kuwa kinachopandwa huota na kwenda juu. Hoja hii ni tamu lakini haisimami. Katika kitenzi cha kwanza anayekwenda juu ni mtenda: mtu, bei, pepo. Katika hiki cha pili anayekwenda juu, kama yupo, ni mtendwa, tena siku nyingi baada ya tendo kwisha. Zaidi ya hayo, mihogo na viazi huongezeka chini ya udongo, na hakuna aliyesita kusema kwamba vimepandwa. Maana ya kitenzi haiwezi kutegemea jambo ambalo huenda lisitokee kabisa. Mbegu iliyooza ardhini ilipandwa vilevile.

3. Vipimo vya ndani

Watungaji wa kamusi wana njia yao ya zamani ya kutenganisha maneno yaliyofanana umbo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, huyapa maneno hayo tarakimu ndogo na kuyaorodhesha mbalimbali, ilhali maana za neno moja huziweka ndani ya kidahizo kimoja. Njia hiyo ni safi. Upungufu wake ni kwamba tarakimu hutoa hukumu bila kumwonyesha msomaji ushahidi, na mwalimu asiyeuona ushahidi huichanganya tena orodha pindi anapofika ubaoni. Tutaje basi vipimo vitatu ambavyo mwalimu yeyote anaweza kuvitumia.

Cha kwanza ni kinyume cha neno. Aliyepanda farasi, mlima, basi au cheo hushuka. Bei iliyopanda hushuka. Mpanda ngazi, kama methali isemavyo, hushuka. Aliyepanda mahindi hashuki, bali huvuna, au hung'oa. Jozi mbili za kinyume zisizoingiliana ni dalili ya maneno mawili.

Cha pili ni mnyambuliko. -Pandikiza, yaani kuhamisha miche kutoka kitaluni hadi shambani, ni mali ya mbegu peke yake, na leo neno hilo limefika hospitalini, ambako figo hupandikizwa. Hakuna anayepandikiza mlima. Kwa upande mwingine, -pandisha ya bendera, ya bei na ya cheo ni mali ya kitenzi cha kwanza. Lazima tukiri kwamba kauli ya kutendesha si kipimo imara kikiwa peke yake, kwa kuwa mwalimu aliyewaamuru wanafunzi watie miche ardhini anaweza kusemwa kuwa "aliwapandisha miti". Hata hivyo, -pandikiza haivuki mpaka.

Cha tatu, na chenye nguvu zaidi, ni jina la mtenda. Kutokana na -penda tumepata mpenzi. Kutokana na -panda ya mbegu tumepata mpanzi, na kazi yake upanzi. Kutokana na -panda ya farasi, Kiswahili sanifu cha leo hutupa mpandaji na upandaji. Mpanzi wa mlima hayupo. Wapinzani watataja methali: "mpanda ovyo hula ovyo" ni ya mkulima, na "mpanda farasi wawili hupasuka msamba" ni ya msafiri, na zote mbili zina mpanda. Ni kweli. Lakini umbo hilo ni lile la mtenda anayeandamana na kijalizo chake, kama vile mla nyama au mfanya kazi, na hupatikana kwa karibu kila kitenzi. Kwa hiyo haliwezi kutenganisha wala kuunganisha. Likiondolewa kijalizo, maneno hutengana mara moja, mpanzi huku na mpandaji kule.

4. Shahidi wa mlimani

Tukivuka sasa kwenda kwenye lugha jirani, ushahidi unaongezeka. Guthrie alizipanga Kigikuyu, Kiembu, Kimeru, Kitharaka na Kikamba pamoja katika kundi lake la E50, na Kiswahili akakiweka mbali, katika G40. Hata hivyo mzizi wa kupanda mbegu unatambulika katika lugha hizo, kila moja ikiwa na sauti yake ya kawaida mahali pa /p/ ya Kiswahili. Kigikuyu kina -handa. Kiembu kina -vanda, na Kikamba vilevile. Kimeru kimeidondosha konsonanti hiyo na kubaki na -anda. Mfuatano huu si wa bahati, kwani "mahali" ni handũ kwa Kigikuyu na vandũ kwa Kiembu. Hapa tuna neno la urithi, na katika lugha zote hizo ni neno la kutia mbegu au mche ardhini.

La muhimu ni kile ambacho neno hili halifanyi. Mgikuyu hasemi -handa kwa mlima wala kwa farasi, husema -haica. Mkamba hasemi -vanda kwa mti anaoukwea, husema -lisa. Wameru na Waembu nao wana vitenzi vyao vya kwenda juu, ambavyo si -anda wala -vanda. Kama kupanda mbegu na kupanda mlima vingekuwa matawi ya mzizi mmoja wa kale, tungetarajia kuona angalau kivuli cha maana ya pili katika mojawapo ya lugha hizi. Hakionekani.

Ushahidi wa jirani haufungi kesi peke yake. Lugha inaweza kuacha maana moja ya neno na kubaki na nyingine. Lakini unapoungana na vile vipimo vitatu vya ndani, mzigo wa kuthibitisha humhamia anayedai umoja. Tukumbuke pia kwamba Kiswahili kimepoteza toni yenye kutofautisha maana, ilhali lugha za Meru na Embu zinayo hadi leo. Lugha iliyopoteza toni ina nafasi kubwa zaidi ya kuyaacha maneno mawili yagongane katika umbo moja.

Hapo ndipo inapoonekana hasara ya darasani. Mwanafunzi wa Tigania anapokutana na -panda ya mahindi, ana -anda yake nyumbani. Anapokutana na -panda ya farasi au ya mlima, hana jamaa wa neno hilo. Yeye tayari anayahisi kuwa maneno mawili. Mwalimu anapomwambia kwamba ni neno moja lenye maana nyingi, humwondolea ujuzi sahihi na kumpa usio sahihi, kisha humpa alama kwa kuukariri. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari, kwa hiyo fundisho hili limewafikia watoto wa vizazi viwili.

5. Mti unaopandwa mara mbili

Huenda msomaji akauliza: je, tofauti hii ina faida gani kwa mtumiaji wa lugha, ikiwa muktadha humweleza kila kitu? Jibu linapatikana katika milima ya Nyambene.

Igembe na Tigania ni nchi ya miraa. Miti yake huachwa ikue, na ile mizee sana, inayoitwa mbaine, huheshimiwa kama urithi wa mababu. Mvunaji hupanda mtini, husimama juu ya matawi na kuyachuma machipukizi kwa mkono. Basi mtu akisema katika nchi hiyo, "Mzee alipanda mti huu," amesema jambo gani? Kama ni kutia mche ardhini, amemtaja mwenye mti, au babu yake. Kama ni kwenda juu ya matawi, amemtaja mvunaji, labda mwizi. Katika shauri la urithi wa shamba tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Sentensi moja inaweza kumpa mtu mti au kumtia hatiani.

Tofauti ya nchi yenyewe inasaidia kulipima jambo hili. Huko Mbeere, katika Embu, mmea wa jamaa hiyo ni muguka, nao ni kichaka ambacho majani yake huchumwa mtu akiwa amesimama chini. Kahawa, ambayo wakulima Waafrika wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, hukatwa ibaki fupi. Mmbeere akisema amepanda muguka, au Mwembu akisema amepanda kahawa, hakuna atakayefikiri kwamba yuko juu ya matawi. Utata hukaa pale ambapo mti mmoja hupandwa kwa namna zote mbili.

Ng'ombe wa maziwa naye ametuletea utata mpya. Zamani ng'ombe aliyepandwa alikuwa amepandwa na fahali, na kitenzi kilikuwa kile cha farasi. Siku hizi mtaalamu huja na mbegu ndani ya mrija, wala fahali haonekani. Mkulima bado husema "ng'ombe amepandwa", lakini msikilizaji kijana anaweza kulielewa kwa maana ya shamba. Hapa vitenzi viwili vinakaribia kubadilishana mahali, na anayevihesabu kuwa kimoja hataliona badiliko hilo likipita.

Kwa hakika Kiswahili cha pwani kilikwisha kuutatua utata wa mti. Mnazi hukwewa, na anayeukwea ni mkwezi, jina lililoundwa kwa kanuni ileile iliyotupa mpanzi. Mpwani akisema "amekwea mnazi" na "amepanda mnazi", amegawa kazi mbili kwa maneno mawili. Lakini shule za bara zimekuwa zikifundisha -panda kwa yote, na -kwea ikaachiwa washairi. Neno ambalo Nyambene inalihitaji kuliko pengine popote barani halijafika huko kwa nguvu inayostahili.

6. Hitimisho

Lawama yetu haiangukii istilahi ya vitawe kwa kuwa ni istilahi, bali kwa kuwa imefungua chumba kimoja kwa wageni wa aina mbili. Maana zilizozaliwa na neno moja, kama za mpanda farasi, mpanda cheo na pepo anayempanda mtu, zimewekwa pamoja na maneno yaliyokutana njiani tu. Mwanafunzi hutoka humo akijua idadi ya maana bila kujua jamaa zake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, zoezi la kutunga sentensi lifuatwe na swali la pili, linalomtaka mwanafunzi aseme zipi kati ya maana hizo ni za neno moja na zipi si za neno hilo, na kwa kipimo gani. Pili, maneno mpanzi, upanzi, -kwea na mkwezi yapewe nafasi yake kamili katika vitabu vya shule. Serikali ya Kenya ilipotenga tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi watie miche ardhini, wapo walioandika "upanzi wa miti" na wapo walioandika "upandaji wa miti". La kwanza halina shaka, la pili linayo. Tatu, vyuo vikuu vilivyo katika eneo hili, yaani Chuka, Embu na Meru, viko mahali pazuri pa kukusanya ushahidi wa namna hii, neno kwa neno, kutoka kwa wasemaji wa Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka.

Kwa muda mrefu lugha hizo zimeitwa darasani ili zishitakiwe kwa kuharibu Kiswahili. Katika shauri la -panda zimesimama kama shahidi, na ushahidi wao umekifafanua Kiswahili kuliko kilivyofafanuliwa na vitabu vinavyokifundisha. Hapana budi waitwe tena katika mashauri mengine.